Maswali ya Wasomaji: Je, Kampuni ya Umeme Humlipa Anayepunguza Matumizi?

SWALI: Assalamu alaikum Mhariri. Nasimamia hoteli yenye vyumba zaidi ya mia pale Nyali. Shemeji yangu ni fundi katika hospitali moja ya Boston, Marekani, naye ameniambia kwamba kampuni ya umeme ya huko iliwalipia sehemu ya gharama walipobadilisha mota za mitambo ya hewa. Juzi amenijia muuzaji wa pampu akidai kwamba nikinunua kwake, nitarejeshewa fedha na kampuni ya umeme ya hapa kwetu. Je, mpango kama huo upo Kenya? *Meneja, Nyali*

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu Meneja. Shemeji yako amesema kweli. Muuzaji amekuvisha kilemba cha ukoka. Katika jimbo la Massachusetts, kampuni za umeme na za gesi huendesha kwa pamoja mpango uitwao Mass Save, ambao fedha zake hutokana na tozo ndogo iliyomo katika bili za wateja. Kwa hiyo anayelipwa hulipwa na wateja wenzake, wala si kwa ukarimu wa kampuni. Kwa vifaa vya kawaida kama taa na mota, kiwango cha marejesho hupangwa mapema kwa kila kifaa. Kwa mradi mkubwa usiofanana na mwingine, wahandisi hukadiria uniti zitakazookolewa kwa mwaka na malipo hufuata hesabu hiyo, ila mradi wa namna hii huhitaji kuidhinishwa kabla ya mwenyewe kununua chochote, kwa kuwa fedha hizo zimekusudiwa kumshawishi ambaye asingenunua, si kumtunza aliyekwisha kununua.

Kenya hatuna mpango wa jumla wa namna hiyo kwa majengo makubwa. Mwombe muuzaji wako barua ya kampuni ya umeme yenyewe, kisha umtazame usoni.

Tulicho nacho ni sheria. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012, ambazo sasa husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA), zinamtaka mwenye jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati na mkaguzi mwenye leseni angalau mara moja kila miaka mitatu, kisha atekeleze hatua zitakazoleta angalau nusu ya uokoaji uliopendekezwa. Kiwango hicho ni sawa na uniti 15,000 kwa mwezi, na kwa joto hili letu hoteli ya vyumba mia yenye vipoza hewa hukivuka bila taabu. Chama cha Wenye Viwanda Kenya (KAM) kina kituo cha ufanisi wa nishati, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia ukaguzi.

Baada ya hapo, fungua bili yako ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari, kwa maana nafuu yako imo humo. Mteja mkubwa halipii uniti peke yake. Hulipia pia kilele cha mwezi, yaani mzigo wa juu kabisa uliowahi kuuvuta katika mwezi huo, nao hupimwa kwa kVA, yaani kilovolti-ampea, kipimo cha umeme wote unaovutwa, ule unaofanya kazi na ule usiofanya. Chukua hoteli ambayo kilele chake ni kilowati 200. Ikiwa mota zake zinavuta stima ovyo kiasi kwamba uwiano wa nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli) ni 0.8, mita itasoma kVA 250. Fundi akifunga kapasita, kifaa kinachopunguza uvutaji huo wa bure, na kuupandisha uwiano huo hadi 0.95, kazi ni ileile lakini mita itasoma kVA 211 hivi. Zidisha tofauti ya 39 kwa bei ya kVA iliyochapishwa kwenye bili yako, nawe utapata marejesho ya kila mwezi ambayo hayahitaji kuombwa kwa fomu. Tena uwiano ukishuka chini ya 0.9 unatozwa nyongeza, na wahasibu wengi huilipa mwaka baada ya mwaka wakidhani ni kodi.

Kuhusu hizo pampu, huenda ni nzuri, lakini kwanza uliza kama zile ulizonazo zinaweza kuendeshwa polepole. Pampu ya bwawa la kuogelea ikipunguzwa mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu (0.8 × 0.8 × 0.8 ni kama 0.51). Kifaa cha kudhibiti mwendo kwa kawaida ni rahisi kukifunga kuliko kung'oa pampu nzima.

SWALI: Sisi tunatengeneza barafu ya kuwauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Nimesikia kwamba stima ya usiku ni nusu bei. Je, tuhamishie kazi yote usiku? *Msimamizi, Changamwe*

JIBU: Karibu yote, ndiyo. Bei hiyo ilianzishwa Desemba 2017 kwa wateja wa biashara na viwanda, na saa zake siku za kazi ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, pamoja na Jumamosi kuanzia saa nane mchana na Jumapili kutwa. Barafu ni bidhaa iliyoumbwa kwa mpango huu: unaigandisha usiku, hewa ya nje ikiwa imepoa kidogo na kompresa, mtambo unaosukuma gesi ya ubaridi, ikifanya kazi kwa wepesi, kisha unaiweka katika ghala lenye kuta nene hadi mchuuzi aje alfajiri.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Nafuu hiyo hutolewa kwa uniti za usiku zinazozidi kiwango cha msingi kilichowekwa kwa kila mteja kutokana na matumizi yake ya awali. Mpango ulibuniwa ili stima ya usiku iliyokosa mnunuzi ipate soko, si ili watu wapunguze matumizi. Kiwanda kinachofunga mitambo bora kikatumia uniti chache kuliko zamani kinaweza kushindwa kufikia kiwango chake na kuikosa nafuu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumwadhibu mwenye bidii. Kabla ya kununua kompresa mpya, iandikie kampuni ya umeme kuomba kiwango chako kwa maandishi, ukiulize kinapitiwa upya lini.

Na mwambie fundi wako aoshe mapezi ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Chumvi ya bahari huyaziba na kuyala, na hakuna bei ya usiku itakayofidia kompresa inayohema.

SWALI: Shule yetu ya bweni ina paneli za jua, na wakati wa likizo umeme hauna mtumiaji. Je, tunaweza kuuza? *Mwalimu, Kisauni*

JIBU: Kuuza kwa fedha taslimu, hapana. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingiza ziada kwenye gridi na kuandikiwa nusu ya uniti alizotoa, zipunguzwe katika bili zake. Kwa hiyo uniti moja mnayoitumia wenyewe mchana ina thamani ya mbili mnazozitoa. Pigeni maji ya matangi na kufua mashuka ya bweni saa za jua kwanza, kisha kinachobaki mkiingize kwenye gridi, baada ya kutia saini mkataba na kufungiwa mita inayosoma pande zote mbili.