Mkopo wa kuongeza gunia la omena Kibuye

Dada, umeuliza kama mama yako achukue mkopo wa simu aongeze gunia la omena (dagaa) pale soko la Kibuye, Kisumu. Achukue, lakini kwanza ahesabu gunia linaisha kwa siku ngapi. Hustler Fund, hazina ya serikali ya Kenya inayokopesha kwa simu, iliyoanza Novemba 2022, inatoza 8% kwa mwaka, ila mkopo wa mtu binafsi unalipwa ndani ya siku 14. Hizo ni Jumapili mbili tu za soko kubwa. Mvua ikinyesha zote mbili, deni litamkuta omena bado ziko chini ya turubai.

Mimi nimepima omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, hapo na mama yangu. Kilichotuinua ni chama cha akiba na kukopeshana: kina mama kumi na wawili, daftari moja lenye madoa ya mafuta, na kila mmoja akijua nani amefiwa na nani mtoto wake amelazwa. Simu haijui hayo. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo kutoka hazina ya serikali kwa wanawake (Women Enterprise Fund), iliyoanzishwa 2007.

Na tafadhali, asikope mwezi wa tatu akitegemea omena. Uvuvi wake hufungwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, Aprili hadi Julai.