Kutembea kwa miguu Dodoma hadi Kolo: subiri Mei, na pima begi kwanza

Kaka, umeuliza kama siku kumi zinatosha kutembea kutoka Dodoma mjini hadi kwenye michoro ya mapangoni Kolo, na ubebe nini. Zinatosha, tena unabaki na za kupumzika. Ila Aprili usiondoke. Mvua zetu huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na korongo ulilovuka kavu asubuhi jioni linaweza kukugomea. Mei nyasi bado mbichi na jua halijawa kali.

Kinachowashinda wengi ni maji. Lita moja ni kilo moja, na kwa siku usipungue lita nne. Ukibeba ya siku mbili, begi limeshaongezeka kilo nane kabla hujaweka hata soksi! Kwa hiyo panga vituo kwa vijiji, Mayamaya na kuendelea, ujaze njiani.

Viatu vipya acha nyumbani. Mimi nilianza na vipya, kufika Mayamaya kisigino kina lengelenge kama zabibu. Kandambili za jioni nazo ziwe na soli nene, mbigili hawana adabu.

Chakula usihangaike: karanga, ubuyu, zabibu kavu, ugali utaukuta kwa mama lishe. Kijijini anzia kwa mtendaji, onyesha kitambulisho, omba pa kulala. Ukijichimbia porini kimyakimya watu watakushuku, na wana haki.

Wiki tatu kabla, anza kutembea na begi lililojaa. Kilo ngapi unapanga kubeba?