Uanze na kitabu gani cha fasihi ya Marekani?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanze na kitabu gani, kwa kuwa unafundisha sekondari na chuo kikuu, na riwaya nene zimewachosha wanafunzi wako. Nakushauri uanze na simulizi ya maisha ya Frederick Douglass, Mmarekani mweusi aliyetoroka utumwani, aliyoiandika mwenyewe na iliyochapishwa mwaka 1845, maana ni fupi na lugha yake iko wazi. Wa sekondari wasome kwa sauti pale Douglass, akiwa bado mtoto mtumwa katika mitaa ya mji wa Baltimore, anapowapa wavulana wazungu maskini mkate ili wamfundishe kusoma. Kisha waache wanyamaze kidogo kabla hujauliza swali lolote. Wa chuo kikuu walinganishe sehemu hiyo na tawasifu yake ya pili, ya mwaka 1855, wachunguze alichoongeza na kwa nini. Orodha ya vipindi vya historia ya fasihi itangoja.