Maswali ya michezo: daftari la timu, mbuzi wa mgombea na uwanja unaouzwa

Mwezi huu maswali yametoka Newala, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, Lindi na pembe zote za Mtwara mjini. Wanaoomba namba za simu za makocha wa Dar es Salaam wasome swali la tatu, walisome lote.

Mwalimu, shikamoo. Babu yangu anasema vijana wa zamani hawakuwa na michezo, walikuwa na ngoma tu. Ni kweli? (Mikindani)

Marahaba. Babu kasema kweli, ila hilo neno "tu" tuliondoe. Ngoma ndiyo iliyokuwa michezo yenyewe. Kundi la ngoma lilikuwa na viongozi, sare, michango na wapinzani wa mtaa wa pili waliosubiriwa kwa hamu kama inavyosubiriwa mechi ya watani leo. Ngoma ya beni, iliyosambaa Tanganyika wakati wa vita ya 1914 hadi 1918 na baada yake, ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na vyeo vyake vya kijeshi na gwaride lake. Wanaoisimulia huishia kwenye sare na tarumbeta. Lililokuwa kubwa zaidi ni kusaidiana: mwanachama akiugua au akifia ugenini, chama kilimuuguza na kumzika. Mgeni aliyeingia mjini alipata wenyeji kabla hajapata kazi.

Mpira ulipopita kwenye shule za misheni na ofisi za serikali ukafika mitaani, vilabu vilirithi kazi hiyo. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 (hiyo Simba jina lake tumelizoea tangu 1971, kabla ya hapo ilikuwa Sunderland) zilikuwa vyama vya watu wa mjini, si timu tu. Sasa angalia timu yako ya kijiji. Jezi ipo, mpira upo, jina zuri lipo. Daftari la kusaidiana halipo. Mchezaji anavunjika mguu Jumamosi, na Jumapili mama yake anahangaika peke yake kutafuta nauli ya hospitali. Wachezaji 22 wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa wiki, ndani ya wiki 30 mna shilingi 330,000. Fedha hiyo haitoshi kununua mchezaji, inatosha kumbeba aliyeumia. Ishikwe na watu wawili, iandikwe, na isomwe hadharani kila mwisho wa mwezi.

Wazee wetu wanacheza bao kutwa nzima. Huo ni mchezo au ni uvivu? (Ruangwa)

Ni mchezo, na ni wa hesabu. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 32: 6 kwenye nyumba (shimo lake kuu), 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwa nyumba, na 22 mkononi. Kijana ambaye hawezi kuona kete zake zitaishia shimo gani kabla hajazigusa asimwite mzee mvivu. Kaa chini ufundishwe. Na shule inayolalamika haina vifaa vya michezo inaweza kuchimba ubao ardhini leo hii.

Mdogo wangu ana miaka 15, anajua mpira hatari. Kuna wakala anataka 400,000 ampeleke majaribio nje ya nchi. Tumpe? (Masasi)

Msimpe hata mia. Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado watu wanauza korosho zao kwa ajili ya majaribio yasiyokuwepo. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Wa miaka 15 kutoka Masasi hana njia hiyo. Anayekwambia anayo anakuibia, au ana nia mbaya zaidi ya wizi.

Shika hili moja: klabu inayomtaka mchezaji humlipia nauli, haimtozi. Mtu akiomba hela ya "fomu", ya "vipimo" au ya "kumshika mkono kocha", mazungumzo yaishe hapo. Usimwachie cheti cha kuzaliwa wala pasipoti. Mtoto abaki shule, acheze UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) kuanzia shuleni hadi mkoani, maana huko ndiko wanakokwenda wanaotafuta vipaji. Na msimpunguzie umri. Cheti cha uongo kinamfuata mpaka siku anayopata nafasi ya kweli, na siku hiyo ndiyo kinamfungia mlango.

Mwenyekiti anataka kukata viwanja vya nyumba kwenye uwanja wetu wa mpira. Tufanye nini? (Newala)

Hili ndilo swali ninalotaka kila kijiji kijiulize kabla ya siku mbaya kufika.

Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni ninyi wote mliotimiza miaka 18. Kwa hiyo mwenyekiti na wenzake watatu hawana uwezo huo, hata wakiwa na mhuri. Ombeni kwa barua muhtasari wa mkutano mkuu ulioidhinisha. Muhtasari huo usipokuwepo, andikeni pingamizi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa ardhi wa wilaya, na mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na mhuri huwa "haikufika".

Kisha hudhurieni mkutano mkuu. Nasema mhudhurie, kwa sababu viwanja vingi hupotea siku ambayo vijana wote wako kijiweni wanabishana kuhusu Simba na Yanga huku wazee kumi wanapiga kura. Ombeni eneo liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama eneo la michezo, lipimwe, liwekwe mipaka.

Hatari nyingine inaingia kimyakimya: mikorosho. Mtu anaomba kupanda mikorosho mitano pembeni mwa uwanja, eti ya kivuli. Baada ya miaka kumi mti una mwenyewe, na mwenye mti anadai ardhi iliyo chini yake. Mnajua jinsi kesi za mikorosho zinavyokwenda huku kwetu. Pembezoni pandeni michongoma au mwarobaini, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba miti ni ya kijiji.

Tunapimaje uwanja bila fundi? Wetu goli moja liko karibu kuliko lingine. (Nachingwea)

Kwa sababu mlipima kwa hatua, na hatua za mrefu si za mfupi. Tumieni futi kamba ya mita 50. Kamba ya nailoni inavutika, mtapoteza mita nzima bila kujua.

Magoli yatazame kaskazini na kusini. Mechi zenu ni saa 10 jioni, jua liko magharibi, na kipa anayelitazama amefungwa kabla ya mpira kupigwa. Urefu mita 100 na upana mita 64 ni ndani ya sheria. Pigeni kigingi cha kwanza kwenye kona. Kupata pembe mraba, pimeni mita 6 upande mmoja, mita 8 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili lazima zije mita 10 kamili. Zisipokuja, sogezeni upande mmoja mpaka zije. Mkimaliza kona nne, pimeni kona kwa kona: kila mshazari uwe mita 118.7. Ikitofautiana, uwanja umepinda, na hapo ndipo goli lenu lilipokaribia.

Goli ni mita 7.32 kati ya nguzo na mita 2.44 kutoka chini hadi mtambaa panya. Kumi na nane (eneo la penalti) inaanza mita 16.5 kutoka kila nguzo na kuingia ndani mita 16.5. Penalti mita 11. Duara la kati, fungeni kamba ya mita 9.15 kwenye kigingi na mzunguke. Nguzo zizikwe walau sentimita 80, maana mchanga wetu haushiki, na goli lililosimamishwa juujuu huangukia watoto wanaoning'inia. Limeua watoto sehemu nyingi duniani.

Na tafadhali, chokaa. Ile isiyozimwa inaunguza ngozi yenye jasho na inaweza kupofusha. Hata iliyozimwa inachubua na kuwasha macho. Tumieni rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, mstari usizidi upana wa sentimita 12.

Mgombea ametoa mbuzi na jezi kwa ajili ya kombe. Tukatae? (Mtwara mjini)

Pokeeni, andikeni kwenye daftari, na msimpe ratiba yenu. Tatizo la makombe hayo ni kwamba ni ya mtoano. Timu 8 kwa mtoano ni mechi 7, na timu 4 zinaaga siku ya kwanza. Vijana zaidi ya 80 wamefanya mazoezi mwezi mzima kwa dakika 90. Kura zikipita, kombe halipo. Timu hizohizo 8 kwa ligi ya mzunguko mmoja ni mechi 28, kila timu inacheza 7. Mkicheza mbili Jumamosi na mbili Jumapili, mnamaliza wiki 7. Hapo kijana ana kitu cha kumfanya alale mapema.

Panga kwa kalenda ya kwetu. Changeni fedha baada ya malipo ya korosho, chezeni Juni na Julai mvua ikiwa imekwisha, na waulizeni wazee tarehe za jando na unyago kwanza, kwa sababu likizo ya Juni nusu ya kijiji iko kwenye sherehe.

Ni sawa msichana kucheza mpira wa miguu? Bibi yake anasema atashindwa kuzaa. (Lindi)

Ni sawa, na uzazi wake hauna hatari yoyote kutokana na mpira. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, na njiani waliifunga Ufaransa. Mwambie bibi, kwa heshima.

Ila mzazi, kuna la kuuliza ambalo hukuuliza: nani anabaki na mtoto wako baada ya mazoezi? Timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima kila siku, mazoezi yaishe kabla ya magharibi, na kocha asimbebe mtoto mmoja peke yake kwenye pikipiki. Kocha anayechukia masharti hayo aondoke.

Kwa nini timu za Kusini hazidumu Ligi Kuu? (Masasi)

Ndanda ya Mtwara ilipanda msimu wa 2014/15 na ikashuka 2020. Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019, ikacheza fainali ya Kombe la FA mwaka 2020 na msimu uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Vipaji tunavyo. Kwa jumla klabu zetu ndogo hutegemea mfuko wa mtu mmoja au wawili, na wanachama wanaolipa ada ni wa kuhesabu. Una kadi ya klabu yako? Anza hapo.

Mchezaji akigongwa kichwa akazimia kidogo, akimwagiwa maji anaweza kuendelea? (Ndanda)

Hapana. Atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata ikiwa ni fainali. Msimnyanyue kwa kumvuta mikono. Shingo inaweza kuwa imeumia. Asiachwe peke yake usiku huo. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, akichanganya maneno au akiwa mgumu kuamka, hospitali saa hiyohiyo, na nauli itoke kwenye lile daftari.