Diski ya akiba usiiache imechomekwa

Steshenari yangu iko karibu na chuo, hapa Morogoro. Kompyuta tatu, printa mbili, mashine ya fotokopi, mimi na kijana wangu wa kazi. Msimu wa kukabidhi tasnifu, flashi hamsini kwa siku si ajabu, na kila moja imeshatembea maktaba, hosteli na steshenari za jirani kabla ya kufika kwangu. Kwa hiyo virusi nimevizoea kama mbu. Ila kilichonitoa jasho hakikuja na flashi ya mteja. Nilikileta mwenyewe.

Nilitaka programu ya kutengenezea mabango, hela ya kuinunua sina. Nikapakua iliyovunjwa kufuli la malipo, ya bure. Maelekezo yakasema nizime antivairasi kwanza. Mgeni akikuambia ufunge mbwa kabla hajaingia uani kwako usiku, utamfunga? Mimi nilimfunga.

Kufika jioni, kila faili ya kazi imeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina na haifunguki. Kila folda ina faili mpya iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa 490. Hata wezi wana ofa.

Sikushtuka sana, maana nilikuwa na diski ya nje yenye nakala ya kila kitu. Nikainama kuitazama. Ilikuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta ileile, tangu siku niliyoinunua. Nayo ilikuwa imefungwa yote, mpaka hesabu za wadeni.

Sikulipa. Fundi aliniambia ni kirusi cha jamii ya STOP, wengine hukiita Djvu. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Emsisoft wana kifunguzi chake cha bure, lakini hakifungui kila toleo, na langu halikuwamo. Yakikukuta, chomoa intaneti kwanza, kisha tafuta tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa mitandao. Haitozi kitu. Faili zilizofungwa usizifute, maana ufunguo huweza kupatikana baadaye.

Sasa nina diski mbili. Moja inafanya kazi Jumatatu, nyingine Ijumaa: inachomekwa, inanakili, inachomolewa, inakwenda nyumbani. Mara moja kwa mwezi nafungua faili mbili tatu humo nione kama kweli zinafunguka.

Flashi za wateja zinaingia kwenye kompyuta moja tu, ile kuukuu, yenye printa yake na isiyounganishwa na zile nyingine. Mwanafunzi akija analia kwamba folda zake zimegeuka shotikati za kilobaiti moja au mbili, mara nyingi hazijafutwa, zimefichwa. Usiibofye hiyo shotikati, ndiyo inayokiamsha kirusi. Nachunguza flashi kwa Defender, antivairasi iliyomo tayari ndani ya Windows, halafu kwenye dirisha la amri (Command Prompt) naandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (badala ya E weka herufi ya flashi yako). Tasnifu inarudi. Kazi hii siitozi, na wateja wengi nimewapata hivyo.

Kijana wangu anatumia akaunti ya kawaida, si ya msimamizi, kwa hiyo programu inayotaka kubadili mfumo lazima iombe nywila yangu. Pia nimewasha majina kamili ya faili yaonekane. Bila hivyo, risiti.pdf.exe, ambayo ni programu si hati, inajionyesha kama risiti.pdf, na kwa haraka ya foleni mtu anabofya.

Masasisho nilikuwa nayazima ili kuokoa bando, nakiri. Kirusi cha WannaCry, nacho cha kufunga faili na kudai hela, kilipovamia Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lake, tangu Machi. Waliopigwa wengi ni wenye tabia kama yangu. Siku hizi napakua kwa bando la usiku. Ile kuukuu bado ina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana intaneti haiioni kabisa.

Mabango natengeneza kwa Inkscape, ya bure kihalali. Wiki ya kwanza nilihangaika sana nayo, sasa hata mabango ya harusi yanatoka vizuri.