Mkuu, weka hilo daftari kabati kabla hujapanda ndege

Eti "Kihispania kinasomwa kama Kiswahili, nimeshaandika maneno 200 kwenye daftari, nakariri tu." Simama hapo hapo. Mimi nilitua Madrid na daftari kama hilo hilo, likanikosesha chumba.

Kuna jamaa alituuzia kijitabu cha kurasa 40 kwa elfu kumi na tano. Somo lake lote: a, e, i, o, u ni zile zile, basi soma unavyoona. Vokali sawa. Konsonanti je? Yule mtu sidhani kama amewahi kumsikia Mhispania hata akikohoa.

Nikasoma nilivyoona. 12 inaandikwa "doce", nikakariri "doche". Wiki ya pili nikapata chumba, euro 280 kwa mwezi, jirani na chuo. Mama mwenye nyumba akanipigia: njoo kesho ukione, "a las dothe", yaani saa sita mchana. Th ya thelathini kabisa. Nikaisubiri "doche" yangu, haikuja. Kichwa kikaokota kilichokuwa karibu: "dos", yaani 2, saa nane mchana. Nikajibu sí, sí, gracias (nayo nikaitamka "grachias", mama wa watu akanistiri).

Kesho yake saa nane kasoro niko mlangoni, shati limenyooka. Chumba kilishachukuliwa tangu saa sita na nusu. Nikalala hosteli ya vitanda vinane siku 19, jamaa wa kitanda cha juu anakoroma kwa lugha zote za Ulaya.

Kinachoniuma, sauti zenyewe tunazo tangu utotoni! Z, na c ikifuatwa na e au i, kwa Madrid ni th ya themanini (Amerika ya Kusini wao ni s). J ni kh ya kheri. H haitamkwi, "hola" ni "ola". "Vino" ni "bino". Ñ ni ny ya nyanya, na hiyo usiifanyie mchezo: nilisimama mbele ya darasa nikasema "tengo veintiséis anos" badala ya "años", yaani miaka. Sitafsiri, humu kuna watoto. Angalau siku hiyo wote walilijua jina langu.

Kwa hiyo sikia: neno lolote lisikie mara kumi KABLA hujaliona limeandikwa. Ukiliona kwanza utalisoma Kiswahili, na likija kwenye simu hutalitambua. Namba ndiyo uanze nazo, maana namba ndiyo kodi, ndiyo saa, ndiyo basi.

Uliuliza pia programu ya kupakua na kitu gani sijui kuhusu salamu za jioni, nitausoma tena ujumbe wako. Kwanza tafuta mtu akutamkie 60 na 70 haraka haraka huku umempa mgongo: sesenta, setenta. Ukizipatia mara kumi mfululizo, rudi tuongee.