Kabla ya Kumvisha Mwenzenu Beji

Msomaji mmoja wa Lamu ameniandikia kwamba klabu yake ya Rotary, chama cha watu wanaojitolea kuhudumia jamii, inakusudia kumtunuku mwanachama aliyechangia sana, naye anahofia sherehe hiyo isije ikazua manung'uniko. Ameuliza kwa wakati wake, kwa kuwa hivi karibuni nami nilivishwa beji ya Paul Harris Fellow, heshima ya Rotary kwa wachangiaji, hapa Malindi, na sifichi kwamba naivaa kwa fahari.

Wengi huidhania heshima hii kuwa zawadi ya anayependwa na viongozi, kumbe haina kura wala waamuzi. Imepewa jina la Paul Harris, wakili aliyeanzisha Rotary mjini Chicago mwaka 1905, na tangu 1957 Wakfu wa Rotary, yaani mfuko wake wa hisani, humtunuku yeyote aliyechangia dola 1,000 za Marekani, au aliyechangiwa kiasi hicho kwa jina lake. Si lazima zitolewe kwa mkupuo, kwani michango hujumlishwa mwaka hadi mwaka, na mwenye kutoa dola 100 kila mwaka atafika katika mwaka wa kumi. Njia hiyo ya polepole ndiyo niliyopita mimi, mwalimu mstaafu, nikiuelekeza mchango wangu kwenye mfuko wa polio. Agosti 2020, Afrika ilipotangazwa kuwa huru dhidi ya polio ya virusi vya asili, nilijiona nami nimo, hata kama ni kwa senti chache.

Basi siku ya kuvishwa, mtu niliyemheshimu akasema penye chai, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwalimu mstaafu hana dola elfu na bila shaka kuna tajiri aliyenilipia. Maneno hayo sijayasamehe. Jirani yangu mcha Mungu naye aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, kuvaa sadaka kifuani si riya?" Swali hilo nimelichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu katika Suratul Baqara sadaka ya hadharani imesifiwa, lakini ya siri imewekwa juu yake. Nilimjibu kwamba watoto waliochanjwa hawanijui, na wanaoiona beji ni wenzangu, ambao baadhi yao wameshaniuliza nilianzaje.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hakikisheni kumbukumbu za michango kabla ya kutangaza lolote, kisha siku ya sherehe semeni waziwazi kama fedha ni zake mwenyewe au zimetolewa kwa jina lake. Zote ni halali. Kunyamaza ndiko huzaa uvumi. Akiwa amepungukiwa, mwanachama mwingine mwenye pointi za utambuzi, ambazo Wakfu huwapa wachangiaji, anaweza kumhamishia, kuanzia pointi 100, ingawa pointi si fedha na haziuongezei Wakfu chochote. Muulizeni pia kama anapenda kusifiwa mbele za watu, na asipopenda, mpelekeeni cheti nyumbani bila mpiga picha.

Nanyi mnaopima nani anastahili, tieni kwanza mkono mfukoni, hata kwa kidogo, ndipo mzungumzie cha mwenzenu. Sherehe nyingine ikiandaliwa hapa kwetu, nitaomba kipaza sauti kisipite mezani kwa wale ambao hawajawahi kuchangia.